Jackton na Barua Tisa za Haraka

Jackton ana chumba cha kuchapisha River Road, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la misumari na rangi. Anachapisha kadi za harusi, vitabu vya risiti na programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba ya ibada. Mke wake, Phoebe, anafanya kazi za nyumbani katika fleti za Kileleshwa. Wanaishi huko na binti yao Joyline, katika chumba kilicho nyuma ya fleti hizo.

Ilikuwa Novemba 2005. Kompyuta ya Jackton ilikuwa imejaa virusi, kwa hiyo fundi aitwaye Muli aliifuta yote na kuiwekea mfumo mpya wa kuiendesha, uitwao Linux. Muli alimwonyesha jinsi ya kuiwasha na kuandikia, kisha akasafiri kwenda kwao Mwingi. Kabla ya kuondoka alimwandikisha kwenye orodha ya barua pepe ya watu wanaotumia Linux nchini. Orodha hiyo ina anwani moja. Ukituma barua kwenye anwani hiyo, inawafikia wanachama wote, kama watu mia nne. Anayejua jibu anakujibu bure.

Jumanne asubuhi alikuja Zedekiah, ambaye anaimba na Jackton katika kwaya ya kanisa. Mama yake alikuwa amefariki. Angezikwa Bondo siku ya Jumamosi, na basi lingeondoka Alhamisi jioni. Zedekiah alitaka programu mia mbili, na picha ya mama kwenye jalada.

Jackton aliandika kila kitu vizuri. Alipoagiza kompyuta ichapishe, printa ilitoa karatasi iliyojaa alama na tarakimu zisizosomeka. Akazima, akawasha. Karatasi ya pili ikawa kama ya kwanza.

Angeweza kuipeleka kazi hiyo kwa mchapishaji wa jirani. Lakini River Road, ukimpeleka mteja kwa jirani, harudi kwako.

Akashuka kwenye saiba, duka la kukodi intaneti, na kuandika barua kwa ile orodha. Aliandika kama alivyozoea kutumia simu. Wakati huo, mtu asiye na kredi ya simu alikuwa anaflash: anapiga simu, inaita mara moja, anakata, ili mwenye kredi ampigie. Asipopigiwa, anaflash tena. Basi Jackton aliandika kwa herufi kubwa, NAOMBA MSAADA HARAKA SANA. Akawasalimu wakubwa wote, akaweka nambari yake ya simu, basi. Kuhusu printa hakusema neno. Aliona mambo hayo atamweleza mtu akishampigia.

Simu haikulia. Akatuma barua ile ile tena. Kufikia saa sita alikuwa ameituma mara tisa.

Ndipo akajibiwa na mtu aitwaye Muigai. Muigai aliandika kwamba amepokea barua tisa na bado hajui tatizo ni nini. Akamwambia aache kupiga kelele na asome kanuni za orodha.

Jackton aliwaka. Mbele ya watu wote mia nne akaandika kwamba Muigai anajifanya profesa, na huenda hajawahi hata kushika printa. Mtu mmoja akamtetea Jackton. Mwingine akamtetea Muigai. Wa tatu akaingiza mambo ya kura ya maoni ya katiba, ndizi ya Ndiyo na chungwa la Hapana. Ilipofika jioni kulikuwa na barua thelathini za ugomvi, na hakuna hata moja iliyosema jinsi ya kuitengeneza printa.

Jioni hiyo Phoebe alimweleza Kavata, mwajiri wake katika fleti hizo, kwamba mume wake hali chakula. Kavata ni fundi wa mitandao katika ofisi moja Westlands. Akashuka hadi chumba cha nyuma. Jackton alipoanza kumsimulia, Kavata akamkatiza.

"Baba Joyline, ngoja kwanza. Ni wewe uliyetuflash mara tisa?"

Jackton akamtazama. "Kumbe na wewe uko huko?"

"Niko. Pale ofisini tulikuwa tunazifuta barua zako tu."

Phoebe alicheka mpaka akaiweka sufuria chini.

"Lakini yule Muigai ana madharau," Jackton akasema.

"Ni mkali, sikatai. Angeweza kusema kwa upole. Lakini ni yeye tu aliyekujibu. Sasa niambie, mteja akiingia kwako aseme, nichapishie haraka, halafu anyamaze, utamfanyia nini?"

"Nitamuuliza anataka nini, ngapi, za ukubwa gani."

"Na akikuambia unajifanya profesa?"

Jackton akavuta kiti karibu.

Kavata alisema printa si kazi yake, lakini kuandika barua anaweza kumfundisha. Jackton akaanza kuuliza. Mbona asimwandikie Muigai peke yake, kwa kuwa ndiye anayejua? Kavata akasema Muigai anaweza kuwa safarini, na pia jibu la siri halimsaidii mwenye shida kama hiyo kesho. Kwa nini walisema anapiga kelele, na barua haina sauti? Kwa sababu herufi kubwa kwao ni sawa na kupaza sauti. Na salamu? Moja inatosha.

"Na kwa yale matusi, nimwombe Muigai msamaha wapi?"

"Ulimtukana wapi?"

Jumatano asubuhi Jackton alisoma kanuni, akatafuta tatizo lake katika barua za zamani za orodha bila kuliona, kisha akaandika mara moja tu. Juu aliandika: Printa inatoa alama zisizosomeka. Chini akaandika: "Hamjambo. Jana nilikosea, na nilimtukana Muigai. Naomba radhi. Nimewekewa Linux wiki hii. Nikichapisha, karatasi inajaa alama na tarakimu. Nimezima na kuwasha, haikusaidia." Akataja jina la printa na namba yake, na toleo la Linux alilowekewa na Muli.

Jibu lilikuja kabla ya nusu saa. Lilitoka kwa Muigai. Hakutaja ugomvi. Aliuliza kitu kimoja: kompyuta ilipouliza aina ya printa, ulichagua ipi?

Jackton alikumbuka. Alichagua jina la kwanza aliloliona, ili amalize haraka. Muigai akamwandikia mahali pa kubadilisha. Jackton akayanakili maelezo kwenye karatasi, akapanda ngazi mbio, akabadilisha, akabonyeza. Jalada likatoka, na mama akiwa na kitambaa chake cheupe cha kanisa.

Alhamisi saa sita Zedekiah alikuja. Alichukua programu moja, akaitazama kwa muda mrefu bila kuifungua.

"Ametoka vizuri," akasema.

Alipoondoka, Jackton alishuka tena kwenye saiba. Kavata alikuwa amemwambia kwamba aliyesaidiwa ndiye anayepaswa kufunga habari, kwa kueleza kilichosaidia. Akaandika: "Printa inafanya kazi. Nilikuwa nimechagua aina isiyo yake. Ukiona alama kama zangu, angalia hapo kwanza. Asante Muigai. Printa unazijua."