Ndoa ya Mkeka Haihesabiki

Unaona, ila unageuza uso. Mwanamke akisema aliachika, unamkagua toka kisogoni hadi kisiginoni. Mwanamume akisema "bado sijaoa", unampa kiti akae. Basi leo utatazama.

Najat aliuza juisi ya ukwaju sokoni Buguruni. Mchana mmoja friji likazima, akaitwa fundi, Kondo wa Temeke, shati la bluu limenyooshwa pasi kama la mtu anayekwenda ukweni. Akachuchumaa nyuma ya friji, akaanza maswali yasiyohusu friji.

"Sista, umeolewa?"

"Niliolewa, tukaachana. We umeoa?"

"Bado."

"Na mvi hizo?"

"Nilikuwa nakusubiri, barafu wa moyo."

Friji likanguruma. Najat akashinda anacheka peke yake.

Baada ya miezi sita ya simu, Kondo akataka ndoa. Ila ndugu zake wakasema harusi iwe ya kimya, bila ngoma, maana bibi harusi si mwari. Kondo akakubali, tena akawa anajisifu kijiweni kwamba yeye hajali ya nyuma. Najat ngoma aliitaka. Akaisamehe, akidhani ndiyo adhabu ya kusema kweli.

Wiki moja kabla ya posa, Kondo anafungua friji jingine palepale sokoni kwa Najat, mikono imejaa grisi, simu yake ikaita. Najat akampokelea, akaweka spika. Alikuwa shangazi yake Kondo, Bi Tabu. Najat akatoa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Afadhali safari hii anaposa kama watu. Yule wa Mbagala si walifumaniwa chumbani wakakalishwa mkekani?"

Kondo akakata simu kwa kiwiko. Ikabidi aeleze: baba wa binti aliwakuta, shehe akaitwa palepale, ndoa ikafungwa bwana harusi kavaa bukta. Siku ya tisa, talaka.

"Ile haihesabiki, mpenzi."

"Yangu ya miezi kumi na moja inahesabika?"

"Yako ilikuwa na kadi."

"Kumbe ukweli ni kadi."

"Moyoni mie sikuoa."

"Na mie moyoni sikuachwa, niliondoka. Mbona aliyenyimwa ngoma ni mie?"

Siku tatu Najat hakupokea simu zake. Ya nne akapokea, akampa sharti: akaiseme ndoa ile mbele ya wazee, la sivyo posa isije.

Kondo akaja mwenyewe nyuma ya washenga, jambo lisilo desturi, jasho limelowesha kanzu. Mzee Jabiri, baba yake Najat, akamtazama.

"Nilishaoa," Kondo akasema. "Kwa mkeka, lakini nilioa. Na ngoma ipigwe. Kama Najat si mwari, basi hata mie si mwari."

Washenga wawili wakapaliwa na chai, wakakohoa sana. Nyuma ya pazia Najat akacheka mpaka mtandio ukaanguka, na mzee akajua jibu.

Na wewe unayekohoa hapo? Yupo anayeiamini "bado" yako. Acha kusoma. Mpigie sasa hivi, umwambie, kabla shangazi yako hajapiga.