Safu ya Benedikto

Devotha alikuwa ameshika shuka upande mmoja na binti yake Jenipher upande wa pili, wakilisokota maji yatoke, simu ilipolia mfukoni mwa aproni. Alikuwa Bryson, shemeji yake wa Tanga, aliyewatengenezea tovuti ya nyumba yao ya wageni.

"Shemeji, umegusa ule ukurasa wa wenyeji?"

"Tangu asubuhi nimegusa mashuka tu. Una nini?"

"Mteja kaniambia picha zimekaa ovyo. Nimefungua mwenyewe. Safu ya kaka imepanuka."

Ukurasa huo ulikuwa na safu nne, zilizopangwa na plagini, kijiprogramu cha kupanga kurasa. Ya kwanza ilikuwa na picha ya mama mkwe, Bibi Josephina. Ya tatu ilikuwa ya Devotha, ya nne ya Jenipher. Ya pili iliwekwa jina tu: Benedikto. Mume wake alikataa kupigwa picha siku ile, akasema atapigwa akirudi kutoka Kwamkoro alikokuwa anafanya kazi ya chai. Kule walisema alichukua likizo akaondoka kurudi nyumbani. Nyumbani hakufika. Hakuna aliyemzika, hakuna aliyemwona.

"Safu tupu haina upana, shemeji," Bryson alisema. "Inajikunja, huioni kabisa. Ikipanuka ujue ina kitu ndani."

"Ina nini?"

"Nimechungulia. Haina kitu." Akacheka kidogo. "Labda kaka ananenepa huko aliko. Niifute tu?"

"Usiifute. Fanya mengine yote, hiyo uiache."

Alipomaliza kuanika, Devotha aliketi mapokezi akafungua kompyuta. Kati ya picha ya mama mkwe na yake palikuwa na nafasi nyeupe, pana kama mlango. Aliitazama, akasikia harufu ya majani mabichi ya chai yaliyoanza kunyauka, harufu iliyokuwa ikija na mashati ya Benedikto kila alipokuja likizo. Akanusa mikono yake. Ilinuka sabuni.

Kesho yake Bryson alimwelekeza kwa simu. Walifuta kumbukumbu za kurasa za zamani, nafasi ikabaki. Walizima plagini nyingine zote, wakawasha moja moja, ya ramani, ya picha, ya kupokea wageni, wajue ipi inagombana na mwenzake. Hakuonekana mgomvi. Walibadilisha sura ya tovuti nzima, rangi zikageuka, herufi zikageuka, nafasi ikakaa palepale. Mwisho Bryson akarudisha nakala ya zamani, ya kabla tatizo halijaanza. Nafasi ilirudi nayo, pana zaidi, na picha ya Bibi Josephina ilikuwa imesukumwa hadi chini kabisa ya ukurasa, peke yake, chini ya anwani.

"Hii sijawahi kuiona," Bryson alisema, na safari hii hakucheka. "Shemeji, tuifute."

"Nimeshakwambia."

Mchana huo ukungu ulishuka mapema kutoka msituni. Devotha alimtafuta mama mkwe chumbani na jikoni, akamkuta kwenye bustani ya njegere, ameketi juu ya jiwe, miguu mitupu, khanga imelowa.

"Mama! Unafanya nini huku?"

"Kaniambia nisogee."

"Nani?"

Bibi Josephina alitabasamu kama mtu aliyeletewa zawadi. "Si huyo anayekula chakula chake."

Devotha alimshika mkono, akamrudisha ndani. Kila jioni, akishapakua, alikuwa akiweka sahani ya Benedikto mezani na kuifunika kwa bakuli. Miaka yote chakula kile kilikuwa cha kuku asubuhi. Siku za karibuni alikuta sahani tupu, akadhani mtoto amekuwa mlafi, akanyamaza.

"Jeni, wewe ndiye unayekula chakula cha baba?"

"Siyo mimi. Nilidhani wewe, mama." Mtoto akatazama mlangoni, akapunguza sauti. "Mama, kitanda changu kimekuwa chembamba."

"Chembamba vipi?"

"Nikilala nasukumwa. Nasogea, nasogea, mpaka ukutani. Na bado nasukumwa."

Usiku huo Devotha alimlaza mtoto kwake, upande wa ukutani, yeye akalala katikati, na kabla hajasinzia alisikia kijiko kikikwangua sahani sebuleni, taratibu, kama mtu mwenye adabu anayemaliza chakula cha watu, kisha kiti kikavutwa, kisha kimya, kisha ile harufu ya chai ikaja chini ya mlango, ikapanda kitandani, na godoro likabonyea nyuma ya mgongo wake, pale alipokuwa akilala Benedikto, akataka kugeuka, na Mungu amsamehe, hakutaka kugeuka kwa woga bali kwa hamu, maana ilikuwa muda mrefu tangu mtu yeyote alale nyuma yake, na kilichomzuia ni sauti ya Jenipher tu, ikitoka kwenye kona ya ukuta: "Mama, sipati nafasi."

Asubuhi mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, hauinuki. Zahanati walimpima, hawakuona kitu. Devotha aliporudi alifungua kompyuta. Picha ya Jenipher ilikuwa imesukumwa kwenye ukingo wa ukurasa. Upande mmoja wa uso ulionekana. Mwingine ulikuwa umetoka nje.

Alimpigia Bi Mosi wa Mlalo, muuza karoti sokoni, ambaye watu humtafuta kwa mambo haya wakishamaliza kumtafuta daktari. Alifika alasiri, na udongo wa karoti bado kwenye kucha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hilo bakuli mezani limefunika nini?"

"Chakula cha mume wangu. Nimekipakua mapema."

"Yuko wapi?"

"Hatujui."

Bi Mosi alinusa, akashika mkono wa Jenipher, akauachia. Alionyeshwa ukurasa. "Mimi kompyuta siijui," alisema. "Nyumba naijua. Umemwekea mtu kiti mezani, ukamwekea kitandani, ukamwekea na humu. Kila jioni unakaribisha, na huangalii nani anaingia. Mahali pa mtu hapakai wazi, mwanangu. Huyu kakuta pameandaliwa. Sasa anataka na pa wenzake."

"Nikipafunga, na Benedikto akirudi je?"

"Akiwa mtu, atakuja mchana kweupe, atabisha hodi kama watu. Chagua. Huyu mtoto hana siku nyingi za kusogea."

"Unamfukuza mwanangu!" Bibi Josephina alilia. "Devotha, nimekukosea nini? Nyumba hii aliijenga yeye!"

"Najua, mama. Matofali nilibeba mimi."

Bi Mosi alitia ubani kwenye makaa, akawatoa wote nje, uani, bibi kwa kuburutwa. Devotha alibaki peke yake. Alimwaga chakula, akaosha sahani, akaipandisha juu kabisa ya kabati. Kisha akaketi kwenye kompyuta, akaigusa ile safu, akabonyeza kufuta. Plagini ikamuuliza kama ana uhakika.

Harufu ya chai ilikuwa imesimama nyuma ya kiti chake. Kitu kilimgusa bega, kwa upole, kwa uzito uleule aliokuwa akiujua, na alitamani sana kukaa hivyo mpaka giza liingie.

"Benedikto hana mahali hapa," alisema kwa sauti, akabonyeza.

Mlango wa nyuma ulifunguka kwa kishindo, ukungu ukaingia, moshi wa ubani ukalala chini kama nyasi zilizokanyagwa. Picha tatu zikakaa mstari mmoja.

Kama alivyoagizwa na Bi Mosi, alisimama kizingitini akaita walio na mahali, mmoja mmoja. "Josephina." Mama mkwe aliingia bila kumtazama. "Jenipher." Mtoto aliingia, akijikuna shavu kwa mkono wa kushoto. Bi Mosi aliita jina la Devotha mwenyewe, akachukua kikapu chake, akateremka.

Jua lilipozama Devotha alisonga ugali, akapakua na mboga ya mnafu na maharage. Walikuwa wameanza kunawa, hodi ilipopigwa.

"Devo," sauti ilisema nje. Hakuna mwingine aliyewahi kumwita hivyo. "Devo, nifungulie. Nimetembea sana."

Bibi Josephina alisimama. Devotha alimshika kiganja, akakibana mezani.

"Kaa, mama. Kama ni yeye atarudi kesho, kukiwa kweupe."

"Na asiporudi?"

Devotha alimegea mtoto tonge, machozi yakimshuka, hakuyafuta. Nje kuna baridi, alijua. Huku kwao usiku una baridi sana.

"Mama upo," alisema. "Jeni upo. Na mimi nipo. Wote tupo. Tule, ugali unapoa."