Mstari Mwekundu Ukutani

Jumamosi asubuhi Chiriku humsaidia shangazi yake kupanga chupa katika maabara ya chuo. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu mdomo wake hautulii. Shangazi ni fundi wa maabara hiyo, na siku moja alimwonyesha kimiminika cha sumaku: mafuta yenye chembe za madini ya chuma, ndogo mno hata macho hayazioni.

“Nipe kidogo nikaonyeshe darasani, shangazi!”

Shangazi akampa kichupa bapa chenye mchanganyiko mwepesi, kingine chenye kimiminika kizito, mafuta ya akiba, sumaku na tochi ya leza. “Kizito ni tone moja tu kwenye mafuta mengi. Ukizidisha, mwanga hautapita.”

Shuleni, wenzake walikicheka kile kichupa bapa. “Hiyo si chai ya jana?” alisema rafiki yake, Mrefu. Chiriku akaona haya. Kabla ya kipindi, akamimina kile kizito chote ndani. Sasa kilikuwa cheusi tii!

Mwalimu alipomwita mbele, Chiriku alitangaza kuwa sumaku itageuza nukta ya nuru kuwa mstari, akamulika kichupa kwa tochi ya leza. Ukutani hapakuonekana kitu.

“Mulika pembeni, halafu tikisa tochi upesi upesi,” Mrefu alimnong’oneza. “Nuru itaonekana kama mstari. Nani atajua?”

Chiriku akatikisa kichwa. Akaishusha tochi. “Mwalimu, nimeharibu mwenyewe. Shangazi alinionya nisizidishe, nikazidisha ili mnisifu.”

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. “Mafuta yamebaki?”

“Yamebaki.”

“Basi anza upya. Tunakusubiri.”

Chiriku akamimina ule weusi kidogo kwenye kichupa cha pili, akakiosha kile bapa, akatia mafuta, akadondosha tone moja la ule weusi, akatikisa. Alipomulika, nukta nyekundu ilitokea ukutani. Akasogeza sumaku kando ya kichupa. Nukta ikanyooka, ikawa mstari! Akaizungusha sumaku, na mstari nao ukazunguka.

“Chembe zinajipanga foleni kama sisi asubuhi,” alieleza, maneno yakimtoka mbiombio. “Mwanga ukipita kati ya hizo foleni, unatawanyika katika mstari mmoja.”

“Niachie na mimi nizungushe!” Mrefu alikuwa wa kwanza kusimama.

Mwalimu akatabasamu. “Nilisikia ule mnong’ono. Angetikisa tochi, tungempigia makofi na kurudi nyumbani na uongo. Amekubali kosa lake, akarudia kazi, na sasa sote tumeiona kweli yenyewe. Haya, Mrefu, njoo. Taratibu na hiyo sumaku.”