Marahaba Isiyo Yake

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni mwa chumba cha bibi yake, akanawa mikono na kuanza kukunja nguo. Bibi alikuwa dobi. Meza yake ndefu ilitandikwa blanketi kuukuu na shuka juu yake, na pasi ya mkaa ilikwenda na kurudi huku chumba kizima kikinukia wanga. Mashati yalining'inia kwenye kamba, kola zote zikitazama upande mmoja. Jina la Chiriku alipewa na Bibi mwenyewe, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Haya, nisomee simu," Bibi alisema kila kazi ilipokaribia kwisha. Macho yake hayakuelewana tena na maandishi madogo. Ujumbe wa wateja aliusoma Chiriku, na majibu aliyaandika Chiriku.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipoanzia. Mkutubi wa maktaba ya mtaa, mteja wao wa siku nyingi, alimtumia Bibi mwaliko wa kujiunga na kundi la kusoma mtandaoni. Kundi hilo lilisoma falsafa ya siasa, yaani maswali makubwa juu ya utawala: nani apewe madaraka, kwa nini watu watii sheria, na haki ni nini hasa. Kila wiki wanakundi walitumiwa sura moja, wakaisoma, kisha wakajadiliana kwa kuandikiana. Sharti lilikuwa moja tu: mwanakundi awe mtu mzima.

"Mimi na falsafa wapi na wapi!" Bibi alicheka. "Mwambie Mkutubi asante, nina mashuka ya kunyoosha."

Chiriku hakumwambia Mkutubi chochote. Alibonyeza mahali pa kujiunga, eti achungulie tu.

Sura ya kwanza aliyoisoma ilidai kwamba mtu anayeishi katika nchi na kutumia barabara zake amekwisha kukubali kutawaliwa. Aliisoma na kuirudia, kamusi ya shule ikiwa pajani. Vidole vikamwasha. Akaandika: "Na aliyezaliwa humo, alikubali lini? Aliulizwa na nani?"

Simu ikaanza kutetemeka kama ina homa. "Shikamoo Bibi! Leo umetubana," aliandika dereva mmoja wa lori.

Picha iliyoonekana kundini ilikuwa ya Bibi, amefunga kitambaa kichwani, ametulia kama hakimu. Darasani maswali ya Chiriku yaliitwa kelele. Hapa mtu mzima alikuwa amemwamkia! Akaandika, "Marahaba, mwanangu," na utamu wake ukamfika hadi kwenye unyayo.

Tangu siku hiyo akawa anasoma hata akisubiri maji yajae ndoo. Watu walimwuliza maoni, wakamwita mkubwa wao. Alipomsimulia Pilipili, rafiki yake wa dawati moja, Pilipili alicheka mpaka akashika ukuta.

"Unaamkiwa na watu wenye ndevu? Angalia usije ukaota mvi!"

"Lakini hoja ni zangu," Chiriku alijitetea.

"Hoja zako, sura ya Bibi. Haya, shikamoo Bibi! Nisaidie hesabu basi."

Wiki moja sura iliuliza nani anafaa kutawala. Chiriku aliandika kwamba watawala wapatikane kwa mtihani, kama wanafunzi, na atakayeongoza kwa alama ndiye apewe nchi. Dereva akajibu: "Huo mtihani atautunga nani? Mtungaji ndiye atakayekuwa amechagua watawala. Tena mtihani utaonyesha anayejua, hautaonyesha anayewajali watu."

Chiriku aliirudia hoja hiyo. Dereva alikuwa amemshinda waziwazi. Kabla hajaandika neno, ujumbe mwingine wa Dereva ukaingia: "Lakini Bibi ni mkubwa wetu. Mimi nani nimbishie? Niwie radhi, naondoa maneno yangu." Wengine wakamsifu Dereva kwa adabu yake. Mkutubi akaongeza kwamba Jumamosi watazungumza kwa sauti, na Bibi ndiye atakayefungua mjadala.

Chiriku hakufurahi hata kidogo. Mtu mwenye hoja nzuri ameimeza kwa ajili ya mvi zisizokuwepo! Akinyamaza, ataendelea kuheshimiwa. Akisema, watamtoa, na mahali pengine palipokaribisha maswali yake hakupajua.

"Chiriku kimya? Unaumwa?" Bibi aliuliza.

Chiriku akasema yote, akiwa ameinamia foronya ambayo ilikwisha kunjwa zamani.

Bibi aliiweka pasi pembeni. "Yaani mimi huku natokwa jasho, kule naongoza watu?" Mdomo wake ulitaka kucheka, macho yakakataa. "Niambie, dobi hafanyi kitu gani hata kwa dawa?"

"Havai nguo ya mteja."

"Hata jioni moja, hata akiirudisha imenyooka. Wewe umeivaa sura yangu na hukuniomba. Na wale watu wamekuamini."

"Watanitoa, Bibi."

"Huenda. Lakini utasema mwenyewe, kwa sauti yako. Nitakaa kando yako, ila sitakusemea."

Jumamosi mchana simu ilisimamishwa mezani, imeegemezwa kwenye kopo la wanga.

"Mkubwa wetu, shikamoo!" ilisikika sauti nzito ya Dereva.

Chiriku aliiinamia simu. "Shikamooni nyote. Mimi si Bibi. Mimi ni mjukuu wake, nina miaka kumi na tatu."

Mtu mmoja akakohoa.

"Nilitumia picha yake bila ruhusa, nikapokea heshima isiyo yangu. Nisameheni. Na wewe Dereva, hoja yako ilinishinda. Ulinyamaza kwa sababu ya umri nisiokuwa nao. Tafadhali irudishe, hata kama mtanitoa."

"Sikupenda," Dereva alisema polepole. "Nilikueleza hata maumivu yangu ya mgongo, nikidhani nasema na mtu mzima. Kumbe ni rika la binti yangu!"

"Nisamehe, baba."

Bibi akasogelea simu. "Hamjambo wanangu. Mwenye sura ndiye mimi. Simu ni yangu na sikuiangalia, kwa hiyo na mimi nina kosa. Mkimtoa, sitalalamika."

"Sheria inasema watu wazima," Mkutubi alisema. "Lakini tuliitunga sisi, basi tuijadili sisi."

Wakaijadili kweli, na haikuwa kidogo. Mwishowe wakakubaliana: Chiriku abaki, kwa jina lake mwenyewe, mlezi wake akiwa kando yake, na asiandikiane na mwanakundi yeyote pembeni.

"Sawa, abaki," alisema Dereva. "Ila kuanzia leo marahaba naitikia mimi!"

Kicheko kikajaa chumbani. Kisha Dereva akairudisha hoja yake yote. Chiriku akajibu kwamba watungaji wa mtihani wangechaguliwa na wananchi wote.

"Kama wananchi wanaweza kuwachagua watungaji," Dereva aliuliza, "kwa nini wasiwachague watawala wenyewe?"

"Umenishinda," Chiriku alisema, na akashangaa kujikuta anatabasamu.

Simu ilipozimwa, Bibi alimshika bega. "Leo hukusifiwa kama siku zile. Umekosolewa, na mtu amekasirika. Lakini leo walikuwa wanazungumza na wewe. Zile sifa za mwanzo hazikuwa zako, ndiyo maana mwishowe zilikunyima raha. Sema kweli kwanza, mjukuu wangu, kisha soma kwa bidii. Heshima utakayoipata hapo itakuwa yako, na hutaogopa mtu akikuuliza umeitoa wapi."

Jumamosi iliyofuata mteja mmoja alifuata suti yake. Bibi alikuwa amekaa kando ya simu. Alimwonyesha mteja kiti, akamwambia kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Subiri kidogo, tafadhali. Mjukuu wangu yuko kwenye mkutano, wanajadili haki."