Baba wa Ubatizo wa Lori

Injini ilikuwa imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwa Pankras, na bado mshale wa geji ya chaji ulikuwa umepanda upande wa kuingiza umeme. Fundi yeyote angecheka. Dainamo isipozunguka haizalishi kitu, na hilo hata aliyeanza ufundi juzi analijua. Pankras aligonga kioo cha geji kwa kidole, akalaumu uzee wa waya, akaenda zake kula. Aliporudi alichungulia dirishani kabla hajapanda: mshale ulikuwa umetulia katikati. Alipoketi kwenye usukani, ukaanza kupanda tena, polepole, na kebini nzima ikanuka usipa mbichi, dagaa wa Nyasa, wakati ziwa liko mbali kule chini na yeye yuko Mbinga mjini.

Lori lilikuwa la shemeji yake Cleopa, kaka wa mkewe Benadetha. Lilikuwa kuukuu la Kiingereza, boneti ndefu, umri wake ukimzidi Pankras mwenyewe. Cleopa alilikuta ufukweni mwa Nyasa limezama nusu kwenye matete, akalivuta mpaka juu milimani ili libebe kahawa ya watu wa Mkumbi. Tangu hapo Cleopa akaanza kukonda. Alikuwa pande la mtu, lakini ndani ya mwaka mashati yake yakawa yanamning'inia. Alisema ni vidonda vya tumbo, na watu wakamwachia vidonda vyake.

Siku ya kulibariki lori, Cleopa alileta jambo lake jipya.

"Shemeji, hili lori ni yatima," alisema mbele ya watu. "Nataka liwe na baba wa ubatizo, na simwamini mwingine zaidi yako."

Nani angekataa sifa kama hiyo? Pankras alikuwa amesimamia watoto wa nusu ya mtaa, na kila alipoombwa alijiona mtu. Padre alikuwa safarini, wakakubaliana kwamba baraka kamili itafuata. Cleopa akamwaga maji ya chupa juu ya boneti, Benadetha akashika mshumaa, Pankras akaweka kiganja kwenye bati na kusema kwa sauti, "Ninakupokea." Vigelegele vikapigwa, togwa ikanyweka, wakacheka mpaka machozi. Wiki chache baadaye Cleopa alikuwa anahema anapopanda ngazi, kwa unene.

Kisha akalileta karakana kwa Pankras. Geji hazisomi sawa, alisema, na betri inakufa kila akifika Kitai. Pankras alifanya kila kinachofanywa. Alibadilisha kaboni za dainamo, akasugua vidomo vya kata-auti inayozuia umeme kurudi, akakaza mkanda, akakwangua kutu pale waya wa ethi unapoishika chesisi. Kila asubuhi alikuta betri imejaa pomoni, na hakuna aliyeichaji. Na kila jioni alirudi nyumbani amechoka kuliko mtu aliyeshinda akilima mashimo ya ngoro mlimani. Benadetha alimpikia uji, akamwekea, akatazama pembeni. Pankras aliona ni huruma ya mke, akampenda zaidi.

Alasiri moja ukungu ulishuka mpaka kwenye mlango wa karakana, na Pankras akaamua kumaliza ubishi: akafungua nyaya zote mbili za betri, akaibeba mpaka kwenye meza ya kazi, akarudi kebini ambamo sasa hamkuwa na hata chembe ya umeme, akaketi, na taa ndogo za dashibodi zikawaka moja baada ya nyingine, mshale wa mafuta ukajaa ilhali tangi alilikausha mwenyewe, mshale wa joto ukapanda huku vidole vyake vikifa ganzi kwa baridi, na ule wa chaji ukaenda mpaka mwisho ukabaki hapo ukitetemeka, na chini ya boneti ile dainamo isiyozunguka ikaanza kuvuma, mvumo wa mtu anayejibembeleza mwenyewe alale, mpaka ndani ya mvumo ule akasikia neno moja likirudiwa kwa sauti yenye maji kooni: Baba. Baba.

Alianguka nje kwa magoti. Alipotambaa kwenda mbali, taa zikafifia. Alipoinyoosha mikono kuelekea lori, zikang'aa. Hapo akaelewa. Mfumo wa chaji haukuwa na ubovu wowote. Lori lilikuwa linachaji vizuri kabisa, na chaji ilitoka kwake.

Kesho yake alishuka kwa basi mpaka kijiji cha ufukweni ambako lori lilivutwa. Wakamwelekeza kwa Bibi Vitalia, mganga, aliyekuwa anaanua usipa wake kwenye chanja. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, na kabla hajaeleza shida bibi akaushika mkono wake uliokuwa baridi na kuuachia.

Kilichomo ndani ya lori, bibi alisema, ni jini la ziwani lisilo na kwao. Walimwonya Cleopa siku ile ile alipolivuta: litakula mwilini mwake mpaka apatikane baba mwingine atakayelipokea kwa mdomo wake.

"Nililipokea, Bibi," Pankras alinong'ona. "Nilidhani ni heshima."

"Mdomo wako peke yake haukufungi. Lazima mtu wa nyumbani mwako ashike mwanga, na awe anajua anachokishikia. Asiyejua, mkono wake ni bure." Bibi akamtazama. "Mwanangu, nani alishika mshumaa?"

 Pankras aliuliza dawa. Dawa ilikuwa nyepesi: aliyeshika mwanga asimame mbele ya lori, aseme anamtoa yule aliyelipokea, naye atakuwa huru. Jini litarudi kwa aliyelileta.

Njia nzima ya kupanda milima alimtetea mkewe. Bibi amezeeka. Benadetha alidanganywa, alidhani ni mzaha kama wengine. Atalia, atamshika mkono, watakwenda pamoja karakana, atalisema hilo neno moja na yataisha. Alipofika Mbinga alikuwa karibu kuamini.

Alimkuta jikoni anachambua maharage, giza ndiyo linaingia. Alimweleza yote. Benadetha hakuacha kuchambua.

"Ulijua?" Pankras aliuliza.

"Nilijua."

"Basi twende ukaseme, mke wangu. Neno moja tu."

"Na Cleopa afe?"

"Kwa hiyo nife mimi?"

Hapo mikono ya Benadetha ikasimama. Alimtazama mumewe usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya togwa, na hakukuwa na hasira machoni mwake, wala aibu.

"Mimi na Cleopa tumetoka tumbo moja," alisema taratibu. "Wewe nilikukuta ukubwani."

Pankras alilia. Hakulilia kifo, alililia ule uji wote alioula akishukuru. Alitaka kumpiga na hakuwa na nguvu ya kuinua mkono, alitaka kukimbilia kwa majirani na miguu haikumsikiliza, na akiwa bado anahangaika na mwili wake harufu ya usipa mbichi ikapita chini ya mlango, ikafuatwa na kishindo cha matairi mazito yanayosaga changarawe ya uani, polepole, hatua kwa hatua, mpaka yakasimama karibu kabisa na ukuta, na mwanga wa manjano ukaingia kwenye nyufa za mbao na kumwangukia kifuani.

Benadetha alinyanyuka. Alichukua koti lake kwenye msumari, akamvika, akamfunga vifungo mpaka shingoni kama alivyozoea asubuhi za misa ya kwanza. Kisha akafungua mlango.

"Nenda, mume wangu," alisema. "Mtoto anakuita."