Salamu Husubiri Sindano

Katika duka la vitambaa la Mzee Nasor, kwenye kichochoro kinachotokea Mtaa wa Msimbazi, kulikuwa na desturi moja. Mzee akishatandaza kitambaa juu ya kaunta, akaweka mita, akashika mkasi, hakuna aliyemsemesha. Ukiingia na salamu, aliinua kidole kimoja tu. Alipima, akakata, akakunja. Ndipo alipokutazama na kusema, "Waalaikum salaam, karibu. Nilikusikia."

Wateja wageni walinuna. Wa zamani walicheka.

"Mkasi ukishapita, kitambaa hakina toba," mzee alizoea kusema.

Siku hizo mzee hakuwa dukani. Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, na kisukari kilikuwa kimempunguzia hisia za miguu. Alikanyaga pini dukani, asisikie. Pini ikaleta kidonda, kidonda kikaleta homa, na homa ikampeleka hospitali. Mwanawe Ghassan ndiye aliyefungua duka. Mke wa mzee, Bi Mauza, alipika.

Kila siku, baada ya kazi za asubuhi, Bi Mauza alijaza hotipoti samaki wa kuchemsha, mchicha na kipande cha muhogo. Alivaa baibui lake, akasoma dua ya kutoka nyumbani, akaenda wodini. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa adhuhuri. Mlango ukifunguliwa, ndugu waliingia pamoja na mabakuli, mashuka na maswali.

Na saa hiyohiyo ndiyo ilikuwa saa ya dawa.

Katikati ya wodi alisimama nesi mmoja na troli yake. Jina lake Sitara, msichana mwembamba, mtandio mweupe, macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Nyuma yake alifuata mwanafunzi wa uuguzi aitwaye Nasreen. Watu walimwita nesi kutoka kila upande.

"Sista, dripu ya mama imeisha."

"Sista, huyu anasikia baridi, anapewa lini blanketi?"

"Sista, choo kiko wapi?"

Bi Mauza alikuwa na jambo lake na nesi huyu. Siku zote akiingia alitoa salamu, "Assalaam alaikum." Na siku zote nesi alitikisa kichwa tu, macho kwenye sindano.

"Mtoto wa Kiislamu," alimwambia mumewe, "na salamu haijibu. Manesi wa siku hizi wana kiburi."

"Ana kazi, Mauza," alisema mzee.

"Salamu ni neno moja. Neno moja linamzuia kazi?"

Mzee alifumba macho. Walikuwa wameoana muda mrefu, na alijua mahali pa kunyamaza.

Siku ya Jumatano Bi Mauza aliamua kwamba leo salamu yake itajibiwa. Alimkuta Sitara amesimama kando ya kitanda cha mzee, anavuta insulini kwenye bomba la sindano, anahesabu vimistari kwa midomo. Bi Mauza akasimama mbele ya troli.

"Assalaam alaikum."

Nesi hakugeuka.

"Mwanangu, nakupa salamu ya Mungu. Kuitoa ni sunna, kuirudisha ni wajibu. Hawakukufundisha?"

Ndugu wa kitanda cha jirani wakageuka kutazama. Sitara aliona haya. Akashusha mkono.

"Waalaikum salaam, bibi. Shikamoo. Nisamehe."

"Marahaba. Haya, umeona? Huna baya. Kwenu wapi?"

"Ilala, bibi."

"Ilala ya wapi? Mtoto wa nani?"

Sitara alijibu. Mtu mwingine akamvuta shati, akauliza habari za dripu. Akamjibu naye. Kisha akarudi kwenye sindano yake. Mahali alipofika katika hesabu palikuwa pamepotea. Jirani wa Mzee Nasor, Mzee Awadhi, naye alikuwa wa insulini, na kipimo chake kilikuwa kikubwa zaidi. Kichwa chenye maswali mengi kikachukua kipimo kile. Nasreen, mwanafunzi, alitazama vimistari. Akafungua mdomo. Akaufunga.

Mzee Nasor akachomwa sindano.

Bi Mauza alikuwa anafungua hotipoti aliposikia troli imesimama. Sitara alikuwa kwenye kitanda cha Mzee Awadhi, ameshika karatasi ya dawa, anaisoma mara ya pili. Uso wake ulibadilika. Aliweka kila kitu chini, akarudi kwa mzee haraka bila kukimbia.

"Babu, bibi, nisikilizeni. Nimempa babu insulini nyingi kuliko anayotakiwa. Ni mimi nimekosea. Sukari yake itashuka. Nasreen, muite inchaji sasa hivi, na lete kipimo cha sukari."

Bi Mauza hakuelewa mara moja. "Nyingi? Nyingi ni kiasi gani?"

"Kiasi cha kumdhuru tusipomwangalia. Kwa hiyo tunamwangalia."

Walimpa mzee maji ya sukari, akanywa. Wakamtoboa kidole, wakapima, wakangoja, wakapima tena. Baada ya muda jasho likaanza kumtoka kwenye paji la uso, mikono ikatetemeka. Akamwita Bi Mauza kwa jina la dada yake aliyekufa. Hapo ndipo Bi Mauza alipoelewa. Alishika tasbihi, na kila punje ilikuwa ya kumwomba Mola amwachie mume wake.

Inchaji, yaani kiongozi wa wauguzi wa wodi ile, alikuja na daktari. Wakamtia mzee maji ya sukari kwenye mshipa. Sitara hakuondoka kitandani. Alasiri ilipokaribia, mzee alifumbua macho vizuri, akatazama hotipoti.

"Huyo samaki ni wangu au wa maonyesho?"

Bi Mauza alicheka, machozi yakamtoka palepale.

Ghassan alifika kutoka dukani akiwa na hasira ya njia nzima. Hakukaa.

"Mama, hawa watu wanatuchukulia poa. Huyu dada anafukuzwa kazi leo. Naenda kwa mganga mkuu wa hospitali, na nikitoka huko naweka mtandaoni, sura yake na jina lake."

"Punguza sauti, baba yako amelala."

"Wewe ndiye ulikuwepo. Wewe ndiye watakayemsikiliza. Sema tu ulivyoona, basi."

Bi Mauza alimvutia mzee shuka. Alivyoona, alikuwa ameona. Lakini mwanzo wa yale aliyoyaona ulikuwa wapi?

Inchaji aliwaita kwenye chumba kidogo chenye feni inayolia. Alikuwa mwanamume wa makamo aitwaye Abdulswamad.

"Daktari," Ghassan alianza.

"Mimi si daktari. Ni nesi."

Ghassan alimtazama ndevu. "Nesi?"

"Nesi, kaka. Na ndiye ninayewajibika kwa wodi hii." Akamgeukia Bi Mauza. "Mama, kwanza pole. Mzee amedhurika mikononi mwetu. Ni haki yenu kujua kila kitu, na kulalamika ni haki yenu pia. Sitawazuia."

"Basi mfukuzeni," alisema Ghassan.

"Naweza kupeleka jina lake juu leo hii. Lakini nikuulize. Nani aliyekuambia kwamba baba yako amepewa dawa kupita kiasi?"

Ghassan akamtazama mama yake.

"Yeye mwenyewe," alisema Bi Mauza. "Yule binti. Sisi tusingejua."

"Angenyamaza, mzee angetoka jasho, angepotewa na maneno, na nyinyi mngesema amesinzia. Nikimwadhibu kwa kusema, nesi wa kesho atakayekosea atajifunza nini? Atajifunza kuficha. Na kosa lililofichwa ndilo linaloua."

Feni ililia.

"Sisemi kosa ni dogo," aliendelea Abdulswamad. "Nataka kujua limepitia mlango gani. Mlango mmoja ni wangu. Insulini hutazamwa na wauguzi wawili, mmoja anavuta, wa pili anahakiki. Leo wodi ya pili haikuwa na mtu, nikamtoa nesi wa pili nikampeleka huko. Wauguzi hatutoshi, mama, lakini uamuzi ulikuwa wangu. Mwanafunzi aliona kipimo si sawa, akaogopa kumwambia mkubwa wake. Tumemfundisha heshima, hatujamfundisha kusema 'ngoja'. Huo nao ni mlango, na ni wa sisi walimu wake. Sasa niambie wewe, ulikuwepo. Sitara alikuwa anafanya nini kabla ya kuchoma?"

Bi Mauza alitazama tasbihi yake. Angeweza kusema, alikuwa anazungumza na watu. Lingekuwa kweli. Ghassan angeridhika, na binti wa Ilala angerudi kwao na begi lake.

"Alikuwa anahesabu," alisema. "Mimi nikamsemesha. Nilimlazimisha aitikie salamu yangu, na alipoitikia nikamuuliza ukoo."

"Mama, salamu si kosa," alisema Ghassan.

"Si kosa. Lakini baba yako akiwa na mkasi, nani anamsalimia?"

Ghassan alikuwa amekulia chini ya kaunta ile. Alikaa kitini kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Hata nikiwa kwenye swala," Bi Mauza aliendelea, taratibu, kama anajisemea, "mtu akiingia na salamu simgeukii. Namaliza. Na hakuna anayeniambia nina kiburi."

"Mama," alisema Abdulswamad, "hatukukuambia. Hakuna aliyekaa na ndugu akawaeleza kwamba nesi anayevuta dawa yuko kwenye hesabu. Tunawakaripia tu, 'tokeni hapa, subirini huko.' Na dawa tumeiweka saa moja na wageni kwa sababu tuliikuta hivyo. Huo ni mlango wangu wa pili."

Ghassan alisugua uso. "Kwa hiyo inaisha hivi hivi?"

"Haiishi. Nitaripoti kwa mganga mkuu kila kitu, pamoja na kosa langu. Sitara atahakikiwa kila sindano mpaka mimi na yeye turidhike. Na nyinyi bado mna haki ya kwenda huko juu."

Jioni, mganga mkuu alipokuja kitandani kuisikiliza familia, ni Bi Mauza aliyesema. Alieleza kosa la nesi bila kulipunguza. Alieleza salamu yake bila kuificha. Mwisho akasema, "Huyo binti muacheni kazini. Lakini msimuache peke yake."

Mzee Nasor alikuwa macho. "Mmenigombania kama jora la mwisho la sikukuu," alisema. "Mimi nilitaka samaki tu."

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Kwanza saa ya dawa ikasogezwa. Dawa hutolewa, ndipo mlango unafunguliwa, na chakula kinaingia mara moja, kwa sababu aliyechomwa insulini hapaswi kukaa bila kula. Kila insulini ikawa na macho ya wauguzi wawili. Wanafunzi nao walifundishwa neno lao. Asubuhi moja Nasreen alisema "Ngoja, dada," na kumbe kipimo kilikuwa sawa. Sitara alimshukuru vilevile, ili siku nyingine asiogope.

Bado wagonjwa waliojiweza walimwita nesi katikati ya hesabu. Bi Mauza akaenda dukani, akashusha jora la kitambaa chekundu. Alipima mwenyewe, akakata mikanda mipana, akaipinda kwa cherehani ya mzee. Akampelekea Abdulswamad.

"Anayetoa dawa avae hii begani," alisema. "Akiivaa, yuko kwenye mkasi."

"Watu wataelewa, mama?"

"Nitawaelewesha mimi. Nikae mlangoni nifanye nini, nihesabu nzi?"

Akawa anawaambia ndugu waliongoja nje. "Yule mwenye nyekundu msimsemeshe. Si kiburi. Anapima dawa ya mtu wako. Akiivua, muulizeni mpaka mchoke. Ila mgonjwa akizidiwa, hapo iteni kwa nguvu, nyekundu au si nyekundu." Mwanamke mmoja alimwuliza kama naye ni nesi. "Mimi muuza vitambaa," alijibu, "nimefundishwa kwa gharama."

Siku moja mlango ulifunguliwa mapema kidogo. Bi Mauza aliingia na hotipoti, akamkuta Sitara na mkanda begani, anavuta dawa, nesi mwenzake akihakiki. Bi Mauza alitoa salamu kwa sauti ya chini, akasimama kando. Sitara aliinua kidole kimoja. Alihesabu. Mwenzake akasoma. Dawa ikaingia kwa mwenyewe. Ndipo Sitara alipovua mkanda na kugeuka.

"Waalaikum salaam, bibi. Shikamoo. Nilikusikia."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Mauza. "Najua ulinisikia."

Mzee Nasor alitoka hospitali kidonda kikiwa kinafunga. Insulini aliendelea nayo nyumbani, na Bi Mauza ndiye aliyefundishwa kuivuta. Sitara alimfundisha, akamfanya arudie mbele yake mpaka mkono ukazoea. Akamfundisha na dalili za sukari kushuka. Jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Akiwa anaweza kumeza, apewe maji ya sukari upesi. Akiwa amezimia, asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Jioni ya kwanza Ghassan alirudi kutoka dukani na ukelele wake wa kawaida. "Assalaam alaikum! Mama, unajua leo yule mteja wa mapazia..."

Hakujibiwa. Alimkuta mama yake amekaa kwenye mkeka karibu na taa, miwani puani, bomba la sindano mkononi. Simu yake ilikuwa imezimwa juu ya kabati. Kipande cha kitambaa chekundu kilikuwa begani.

Bi Mauza aliinua kidole kimoja.

Ghassan alisimama mlangoni, akavua viatu polepole. Mama alimaliza kuhesabu, akamnyooshea sindano ahakiki. Ghassan aliinama, akatazama vimistari, akavilinganisha na karatasi ya hospitali.

"Sawasawa," alisema.

Mzee akachomwa, wala hakushtuka. Bi Mauza akaweka sindano kwenye kopo lake, akashusha kitambaa begani.

"Waalaikum salaam, mwanangu," alisema. "Haya, sasa niambie. Alitaka mapazia gani?"