Dawa Iliyofichwa Ndani ya Soksi

Kila asubuhi Deandra Pruitt aliamka wakati mama yake akifunga vifungo vya koti. Mama alitunza wazee katika nyumba moja upande wa kaskazini wa Chicago, na ilimbidi apande mabasi mawili kufika huko. Deandra alijikorogea uji wa shayiri, akala akiwa amesimama, huku theluji ikipiga dirisha lao la ghorofa ya tatu.

"Dawa umevuta?" mama aliuliza akiwa mlangoni.

"Ndiyo, mama."

Hakuwa amevuta. Ilikuwa siku ya kumi na mbili anajibu hivyo, na uongo ule haukumchoma tena. Ulimtoka mdomoni kama salamu.

Mambo yalianza ilipokuja barua ya mwenye nyumba. Kodi ilikuwa imepandishwa, na asiyeiweza alitakiwa ahame mwisho wa Februari. Mama aliisoma mara mbili, akaikunja, akaendelea kuosha vyombo. Tangu siku hiyo vitu vikaanza kutoweka nyumbani kimoja kimoja: kwanza maziwa, kisha matunda, kisha intaneti, mwishowe kochi, lililonunuliwa na jirani. Deandra alitazama pale kochi lilipokuwa, akangoja asikie uchungu. Hakusikia kitu. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu hadi ukafa ganzi.

Ndipo akamsikia mama akizungumza kwa simu na duka la dawa. "Bima imekatika? Sasa bei yake kamili ni ngapi?" Akairudia bei aliyotajiwa. "Haya, nitakuja," mama alisema kwa sauti ndogo. Wiki ile hawakula nyama.

Deandra alikuwa na pumu tangu utotoni, na dawa ile ya kuvuta aliihitaji asubuhi na jioni. Alikata shauri peke yake, bila kumwambia mtu. Kwanza alivuta mara moja tu kwa siku. Kisha akaacha kabisa, akaitia dawa ndani ya soksi na kuisukumia nyuma ya kabati, ili isiishe.

Shuleni, rafiki yake Marisol Ibarra alimngoja juu ya ngazi.

"Wewe bibi kizee! Nikuletee mkongojo?"

"Nyamaza huko," Deandra alisema, lakini pumzi haikumtosha kurudisha utani.

Marisol aliacha kucheka. "Mwenzangu, kifua chako kinapiga mluzi."

"Baridi tu. Niache."

Kipindi cha tatu kilikuwa cha michezo. Walikimbia kuzunguka ukumbi, na katika mzunguko wa pili kifua cha Deandra kikabana kana kwamba mtu amekifunga kamba. Alipiga magoti. Aliona Marisol akipaza sauti, akaona viatu vikimkimbilia. Hata hofu haikumjia. Aliwaza tu kwamba sakafu ile ni ya baridi.

Nesi Kowalczyk alifika mbio. Akamwekea bomba la plastiki mdomoni na kumpulizia dawa ya dharura. "Vuta. Taratibu. Tena." Baada ya dakika kadhaa hewa ikaanza kupita, naye akampeleka chumbani kwake.

"Dawa yako ya kila siku umeivuta lini?"

"Leo asubuhi."

Nesi alivuta kiti, akaketi karibu naye. "Kifua hakijui kudanganya, binti. Niambie."

Deandra alitazama ukuta. "Siku kumi na mbili."

"Imeisha?"

"Hapana. Naiweka. Ni ghali." Halafu akaongeza kwa sauti ileile kavu, "Mama naye hukata vidonge vyake vya presha nusu kwa nusu, na mbona hajambo."

Nesi akachukua simu, akampigia mama.

Mama alifika akiwa bado na sare ya kazini chini ya koti. Nesi alimweleza yote. "Kama mwenzake angechelewa kuniita, Mama Deandra, tungekuwa tunazungumza mengine."

"Nani alikwambia uache dawa?" mama aliuliza.

"Hakuna. Sikutaka nikugharimu."

Mama alifunika mdomo kwa mkono, akaketi. Nesi alipouliza habari za bima, alijibu akiwa ameinamisha kichwa. "Fomu ya kuomba serikali iiendeleze ilikuja. Niliitia kwenye droo. Nafanya kazi siku sita kwa wiki, nesi. Nitaombaje msaada? Niliona haya."

"Haya hiyo ingekuzikia mtoto," nesi alisema, wala hakulainisha neno. Akatafuta fomu nyingine, wakaijaza wote watatu mezani pale. Akawaelekeza kwenye kliniki ya mtaani, ambako kila mtu hulipa kwa kadiri ya kipato chake.

Wiki iliyofuata walikwenda wote wawili. Deandra alipewa dawa yake. Mama naye akapimwa presha, daktari akakunja uso, akamwamuru ameze vidonge vizima. Kuhusu nyumba, hawakuwa na la kufanya: walikubaliana na shangazi Charlene kwamba wangehamia kwake.

Kwenye kituo cha basi, mama alimgeukia binti yake.

"Nilikaza meno nikidhani nakulinda, Deandra. Kumbe nilikuwa nakufundisha kunyamaza. Nimekosea, na wewe umekosea kunidanganya. Kuanzia leo anayeumwa aseme siku hiyohiyo. Nyumba tutapata nyingine. Pumzi ikikatika, hatupati nyingine. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Haya, sema basi. Una nini?"

Deandra alifungua mdomo, akasita. "Nina baridi," alisema. "Na yule mwenye nyumba namchukia. Na sitaki kuhama, mama. Sitaki." Sauti ikakatika, na machozi, ya kwanza tangu barua ile, yakaanza kumtiririka.

Basi likaja, likafungua mlango. Mama alimpungia dereva mkono kwamba aende.

"Endelea, mwanangu," alisema, akimvutia ndani ya koti lake. "Sema yote."